Kazi za nyumbani na malezi hapa Nairobi: nani abebe nini, na kila kazi inafanywaje?

MleziDonholm (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu nyote. Nafungua uzi huu kwa sababu mpangilio wa zamani wa nyumba za mji huu umeisha nguvu, na wengi bado tunaendelea nao kwa mazoea. Tunaujua: baba alipe kodi na karo na kumtafuta fundi kitu kikiharibika, mama na dada wa kazi wabebe yote yaliyobaki. Siku hizi wazazi wote wawili wako stejini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nyumba ni vyumba viwili ghorofa ya nne, maji yanakuja kwa mgao, na nyumba nyingi zina mama fua wa mara moja kwa wiki badala ya dada wa kulala. Ukigawa kazi kwa mtindo ule ule, mtu mmoja anachakaa. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 53, inasema jukumu la kumtunza mtoto ni la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la.

Pendekezo langu ni kugawana kazi nzima nzima. Kazi nzima ni kuona kwamba inahitajika, kutafuta vifaa, kuifanya na kuhakikisha imekamilika. Tuchukue kufua. Aliyekabidhiwa kufua ndiye anayejua siku ya maji, anayejaza drami usiku huo, anayenunua sabuni kabla haijaisha, anayempigia mama fua simu, na anayejua kwamba sweta ya shule mwezi wa saba haikauki kwa siku moja kwa hiyo ifuliwe Ijumaa jioni, si Jumapili. Mtu akifua tu baada ya kuonyeshwa beseni, mzigo wa kukumbuka umebaki kwa mwenzake, na huo unachosha kuliko kusugua kola.

Msibadilishane kila wiki. Mtu akae na kazi miezi mitatu hivi ndipo aijue ndani nje, kisha mbadilishane.

Wiki ijengwe juu ya ratiba ya mgao. Kama maji yenu ni Jumatano na Jumamosi, Jumatano usiku jazeni vyombo vyote na msugue bafu na choo. Jumamosi ni ya kufua, shuka na kupiga deki nyumba nzima. Siku nyingine, dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni zinatosha: vyombo, kufuta jiko na meza, kutoa taka. Watu wanne wakijibana kwa lita 20 kila mmoja kwa siku, siku nne bila maji zinahitaji lita 320, yaani drami moja ya lita 200 na mitungi sita ya lita 20. Pungufu ya hapo mtanunua maji ya mkokoteni katikati ya wiki.

Wanaojua maji, afya ya watoto, sheria na shule, karibuni mjaze.

FundiMaji_Umoja

Mpangilio ni mzuri, lakini drami hiyo nianze nayo kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea isiwe na drami au ndoo iliyo wazi. Mtoto wa mwaka mmoja huzama kwenye maji ya sentimita chache tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili. Akitumbukia kichwa mbele hawezi kujiinua, na hapigi kelele. Nunua drami yenye kifuniko cha kukaza kwa mkono. Ndoo ya bafuni ikitumika imwagwe na kufunikwa kifudifudi. Mlango wa bafu uwekewe kitasa cha juu.

Usafi wa drami: kila baada ya miezi mitatu, siku moja kabla ya mgao, imalize yote. Sugua ndani kwa brashi na sabuni ya maji kidogo, hasa ile mistari ya utelezi pale maji yanapoishia na chini kwenye kona. Suuza mara mbili. Maji yakija, jaza, tia Jik ya kawaida isiyo na manukato, mililita 150 kwa kila lita 100, funika hadi siku ya pili. Kwa Jik ya asilimia 3.5 hicho ni kipimo cha kuua vijidudu vilivyoganda kwenye plastiki. Maji hayo hayanywewi wala hayapikii; flashi choo nayo, kisha suuza. Kama hamna maji ya kupoteza kiasi hicho, jaza robo ya drami, tia Jik ya kiasi hicho cha maji tu, na uipindue pindue mara kadhaa ili kuta zote zilowe.

Maji ya kunywa yakae mtungi wake wenye koki chini. Kikombe kinachochovywa ndani ndicho kinachochafua maji yaliyokuwa safi. Dawa ya maji ya kunywa itumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na usubiri dakika 30. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo dawa inaishia kwenye matope.

Sasa jambo ambalo wapangaji wengi hawaliulizi: maji ya ploti yenu ni ya kampuni au ya kisima cha kuchimbwa? Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka, meno ya ukubwani hutoka na madoa meupe au ya kahawia, kwa sababu meno hayo hujengeka ndani ya fizi tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani inazidi kukolea. Dawa ya klorini haiigusi. Kwa mtoto mdogo, maji ya kunywa na ya uji yawe ya mfereji wa kampuni, au yale yanayouzwa kwenye maduka yenye mashine ya kuchuja kwa utando. Mwombe keateka matokeo ya kipimo cha maabara cha kisima. Akikosa, wapangaji changeni mkapime.

Dalili za maji ya chumvi mtaziona: sabuni haitoi povu, birika linaganda weupe, na shawa ya moto ya stima inaungua koili mara kwa mara. Ukinunua shawa mpya au koili, mwambie muuzaji ni ya maji ya chumvi. Zipo za aina hiyo.

MamaPacha_SouthB

> Wiki ijengwe juu ya ratiba ya mgao.

Naunga mkono, na niongeze onyo kwa anayeshika choo na bafu. Jik na Harpic zisikutane kamwe, wala Jik na siki. Harpic ni asidi. Ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu hazina dirisha la maana. Tumia moja leo, flashi, suuza, nyingine siku nyingine. Na kamwe usihifadhi Jik au mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto anajua rangi ya chupa, hajui lebo. Akimeza mojawapo, usimtapishe: Jik ikipanda inaunguza koo mara ya pili, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni ndiyo yanayoua. Mfute mdomo, mpeleke hospitali pamoja na ile chupa.

Mzee_Kaloleni

Vijana, nimesoma kwa makini. Haya ya vipimo ni mema, lakini mnasahau kitu. Katika mitaa ya zamani mtoto alilelewa na ploti nzima. Jirani yeyote angemrudisha nyumbani akimkuta barabarani, na msichana na mvulana wote walijua kushika ufagio. Leo mna geti, mlinzi, na kila mlango umefungwa. Mtoto anatoka kwenye basi la shule anaingia kwenye televisheni. Kazi hajui, majirani hawajui, na kiboko mmekipiga marufuku. Adabu itatoka wapi?

MwalimuGredi5

Shikamoo mzee. La majirani ni kweli kabisa na linarekebishika: familia tatu au nne za ngazi moja zikubaliane ni mlango gani mtoto abishe akikuta kwao kumefungwa, nani ana nambari ya nani, na watoto wacheze uani saa ngapi mtu mzima mmoja akiwa anaangalia kwa zamu. Iandikwe, iwe nyuma ya kila mlango.

La kiboko, mzee wangu, nakataa kwa heshima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza shuleni, na kifungu cha 29 cha Katiba kinamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Tena hakifundishi kazi. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya vyombo vichafu anajifunza kuficha sufuria iliyoungua.

Kazi inafundishwa kwa hatua nne. Mwonyeshe ukiwa unafanya taratibu na kusema unachofanya. Fanyeni pamoja. Afanye mwenyewe ukiwa karibu. Kisha umwachie, ukague baadaye. Wazazi wengi wanaruka ya pili na ya tatu, halafu wanalalamika mtoto ni mvivu. Na kosa linaloharibu yote ni kurudia kazi yake mbele ya macho yake. Kijiko kikibaki na mafuta, mwite, mwonyeshe doa, aoshe hicho kimoja.

Mfano wa vyombo kwa mtoto wa miaka minane, maji yakiwa ya kubana: akwangue mabaki kwenye pipa la taka, asimwage kwenye sinki. Mabeseni mawili, lita nne nne. La kwanza maji ya vuguvugu na sabuni, la pili ya kusuuza. Aanze na glasi na vikombe, kisha vijiko, sahani, mwisho sufuria. Akianza na sufuria ya nyama, mafuta yote yanahamia kwenye glasi, na hapo utasikia "sabuni haifanyi kazi". Visu viachwe pembeni, visizame kwenye povu asipoviona. Avipange vikauke vyenyewe. Kitambaa kilicholowa tangu asubuhi kinarudisha uchafu.

Kwa umri, mwenye miaka mitatu anaweza kurudisha vitu vyake vya kuchezea ndooni. Wa mitano anakunja soksi na kupanga viatu. Wa saba anafua soksi na vitambaa vyake, anafagia chumba kimoja. Wa kumi anapika chai na wali mtu mzima akiwa jikoni, na gesi anawasha akiwa amesimamiwa mpaka mkono uzoee kuwasha kiberiti kwanza ndipo afungue gesi. Mvulana na msichana sawasawa. Ukiona ratiba ya nyumba yako ina kijana wa miaka kumi na minne anayesubiri dada yake wa kumi ampakulie, anza hapo leo.

Na msizidishe. Siku za shule, nusu saa ya kazi inamtosha mtoto wa gredi ya tano. Ana kazi za darasani na anahitaji kulala.

BabaMchanga_Kasarani

Naomba msaada wa wanaojua. Mtoto ana wiki saba, mama anarudi kazini likizo ikiisha. Kama kazi ni nzima nzima, baba abebe ipi ya mtoto mchanga zaidi ya kubadilisha nepi?

Muuguzi_Kliniki

Hongera sana kwa mtoto. Ziko tatu ambazo baba anaweza kuzibeba mwanzo hadi mwisho.

Ya kwanza ni kliniki. Kijitabu kikae na wewe. Chanjo ni za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18 kwa surua, pamoja na nyingine zilizoandikwa humo. Kama ya wiki ya 6 haijafanyika, nenda kesho asubuhi, usingoje ya 10. Mtoto akipimwa uzito, angalia mstari wa grafu. Unaopanda ni sawa. Ulionyooka kulala au kushuka, uliza palepale kabla hujaondoka.

Ya pili ni maziwa. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi sita, na mama akiwa kazini maziwa aliyokamua ndiyo chakula. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua. Aulize ofisini kabla ya siku ya kurudi. Kukamua kuanze wiki mbili kabla ili kuwe na akiba. Wewe baba unaosha na kuchemsha vyombo dakika kumi, unaandika tarehe na saa kwenye kila chombo, unapanga ya zamani mbele. Kwenye joto la chumba yanakaa saa nne, kwenye friji siku nne yakiwa ndani kabisa na si mlangoni, kwenye friza miezi sita. Stima ikipotea usifungue friji bila sababu. Kupasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Usichemshe maziwa yenyewe, wala usitumie mikrowevu kwa sababu inaacha sehemu zinazounguza mdomo. Mpe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketi nusu wima, ukigusisha ukingo kwenye mdomo wa chini aanze kulamba mwenyewe. Ukimmiminia anapaliwa. Yaliyobaki kikombeni yatupwe baada ya saa mbili.

Ya tatu ni usiku wa ugonjwa. Weka nyumbani pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki. Akiharisha, soma pakiti kabla ya kuchanganya: zipo za mililita 500 na zipo za lita moja. Pakiti ya lita moja ndani ya nusu lita inakuwa na chumvi nyingi mno, na hilo ni hatari kwa mtoto mchanga. Chupa safi ya maji ya nusu lita ni kipimo kizuri. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, endelea taratibu. Zinki ni miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Kunyonya kusikatizwe. Macho yakizama, akishindwa kunyonya, akilegea au kukiwa na damu, ni hospitali usiku huohuo.

Kwa wenye watoto wachanga wakati huu wa baridi: jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata likionekana limebaki majivu. Gesi yake haina harufu, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Mvalisheni mtoto nguo mbili tatu, mlale naye karibu.

HakiKazini

Nimesoma "dada wa kazi" mara kadhaa na hakuna aliyetaja anacholipwa. Kwa agizo la mishahara la 2024, kima cha chini Nairobi kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, na asiyelala kwako anaongezwa asilimia 15 ya nyumba. Saa 52 kwa wiki ya siku sita, siku moja ya kupumzika katika kila saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Akijifungua, miezi mitatu yenye mshahara, sawa na mwajiriwa yeyote. Kuna NSSF ya pensheni, SHIF ya bima ya afya ya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. Angalieni kila mwaka kama kima kimeongezwa.

Mwandikieni mkataba wa ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma: kazi zake ni zipi, na zipi si zake. Ulezi wa mtoto wa miezi minne na usafi wa nyumba ya vyumba vitatu ni kazi mbili. Ukitaka mtoto aangaliwe vizuri, punguza deki. Wiki ya kwanza mzazi mmoja awepo, amwonyeshe maziwa, dawa, nambari za dharura na ile ya simu ya watoto, 116, ambayo haitozwi.

MleziDonholm

Asanteni sana. Naona tunahitaji ukurasa mmoja wa ukutani: siku za maji, tarehe za kliniki, nani ana nini. Fundi, kuna kazi ndogo za bomba ambazo mtu wa nyumba azijue bila kukuita?

FundiMaji_Umoja

Ziko tatu, na zisiwe za baba pekee.

Harufu bafuni: mara nyingi ni tundu la sakafuni lisilotumika, maji ya ndani yamekauka na hewa ya bomba inapanda. Mimina kikombe kimoja cha maji kila wiki.

Sinki kuziba: usianze na dawa kali. Weka karai chini, fungua kwa mkono kile kikombe cha plastiki kilicho chini ya sinki, kimwage, kisugue, angalia ile raba ya duara iko sawa kabla ya kurudisha. Kaza kwa mkono tu, spana inapasua plastiki. Mafuta ya nyama yafutwe kwa karatasi yatupwe. Maji ya moto yanayayeyusha hapa yakagande mita mbili mbele, na hapo ni ukuta kuvunjwa.

Mfereji unaodondoka: funga koki kuu ya nyumba, fungua mfereji maji yaishe, shika mwili wa mfereji kwa spana moja na ufungue kichwa kwa nyingine ili bomba la ukutani lisizunguke. Washa, yaani kile kiraba cha duara cha nusu inchi, iko mwisho wa ule msumari wa ndani ya kichwa, weka mpya. Ukirudisha na bado unadondoka, pitisha kidole pale washa inapokaa. Pakiwa na mikwaruzo, mfereji umekwisha, nunua mwingine. Ile inayofunguka kwa robo mzunguko haina washa; inabadilishwa kichwa chote, kwa hiyo nenda nacho dukani ukalinganishe meno, na urudi na tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za mfereji, mizunguko kumi hadi kumi na miwili, ukiizungusha kufuata upande wa kukaza.

MamaPacha_SouthB

Koki kuu ya nyumba yetu iko nje kwenye kabati la mita, imefungwa kwa kufuli ya keateka. Nyumba nyingi za huku ni hivyo.

FundiMaji_Umoja

Dada, dai nakala ya ufunguo leo, au mwenye nyumba aweke koki ya pili ndani, kwenye bomba linaloingia jikoni. Ni koki moja ya nusu inchi na kazi ya chini ya saa moja. Bomba likipasuka saa nane usiku hutapata wa kukufungulia.